Kamera ya Mehrangez

Fundi Suhrob alikutwa amelalia kibodi, fuvu limebonyea kisogoni kama bakuli la bati lililokanyagwa. Damu ilikuwa imepenya katikati ya herufi, ikadondokea zulia la arusi. Mbele ya uso wake skrini ilikuwa ya buluu tupu, na maandishi meupe yakisema mfumo umekwama.

"Kauawa akitengeneza kompyuta," alisema sajini Umed.

"Kwa nini? Kwa chombo gani, namaanisha," aliuliza Inspekta Rajabova.

Umed alielekeza kalamu chini ya meza. Karai dogo la chuma lilikuwa pale, ukingo wake umeshika nywele. Mbegu za hazorispand, zile zinazofukizwa kuondoa jicho baya, zilitapakaa sakafuni. Nyingine zilikuwa ndani ya jeraha.

"Mapigo matatu," alisema daktari wa polisi. "La kwanza lilitosha. Kafa kati ya saa sita na saa sita na nusu. Haizidi hapo."

Rajabova alitazama saa yake. Saa nane kasoro robo. Uani pilau ilikuwa bado inachemka. Nikahi ilipangwa saa tisa, na bwana arusi, Qodir, alikuwa Urusi kwenye vibarua vya ujenzi. Mwaka ule simu nyingi mtaani kwetu Khujand zilikuwa za kupigia tu, kwa hiyo watu waliozwa kwa kompyuta: mulla, mashahidi na bibi arusi upande huu, bwana arusi ndani ya skrini. Jana walijaribu mara nne. Mara nne, kabla mulla hajamaliza kumwuliza bibi arusi Shahnoza kama anakubali, kompyuta ilizima.

Kaka wa bibi arusi, Firdavs, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba tangu baba yao afe. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimechubuka.

"Mkono umefanyaje?" Rajabova aliuliza.

"Nilichinja kondoo."

"Kondoo alikung'ata?"

Firdavs aliuficha mkono mfukoni.

"Majirani wanasema jana ulimkaba Suhrob ukutani."

"Nikampiga ngumi mbili, ndiyo! Nilimwambia isipopona leo namvunja vidole. Wageni mia wamenicheka, afande. Lakini kumuua? Aliyekufa atanitengenezea nini?"

"Mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa waokaji, tangu saa tano. Nilisubiri mikate hadi saa saba. Waulize."

"Nyumbani alibaki nani?"

"Suhrob. Na mama, anazungusha moshi wake kama jana. Shahnoza yuko saluni na shangazi zake tangu asubuhi."

Umed alikuwa ameshatoa pingu. "Huyu anatosha, afande. Ngumi jana, karai leo."

"Subiri. Sijaihoji kompyuta."

Maiti ilipoondolewa na alama za vidole kuchukuliwa, Rajabova alivaa glavu akaiwasha. Dakika mbili, buluu. Akapapasa feni, ilikuwa inazunguka vizuri. Akabadilisha kadi ya kumbukumbu. Buluu. Akachomoa printa. Buluu tena.

"Ipige kofi," Umed alisema. "Yangu huwa inasikia."

Rajabova alichomoa kamera. Kompyuta ikawaka na kutulia. Dakika tano, kumi, haikutikisika. Akaichomeka kamera. Ikazima palepale.

"Kamera ni mbovu?"

"Kamera ni nzima. Kosa liko kwenye draiva, ile programu ndogo inayoiambia kompyuta namna ya kuitumia kamera. Hii ni ya zamani. Kompyuta mpya ikijaribu kuisoma, inakufa."

Akachomoa tena kamera, akafungua rekodi za mfumo. Alisoma kwa sauti, na Umed akaandika.

Saa tano na nusu Suhrob aliiondoa draiva ya zamani. Dakika ishirini baadaye aliweka iliyo sahihi. Saa sita kasoro dakika mbili alijipiga picha ya majaribio. Rajabova aliifungua. Suhrob alikuwa anacheka, jicho moja limevimba kwa ngumi za jana, kidole gumba juu. Nyuma yake kulikuwa na moshi.

"Aliiponya," Umed alisema.

"Soma inayofuata."

Umed aliinama. Saa sita na dakika thelathini na sita, draiva ya zamani ilikuwa imewekwa upya kutoka kwenye sidii. Dakika tano baadaye kompyuta ilizima.

"Saa hiyo fundi ameshakufa!"

"Ndiyo. Muuaji alinyoosha mkono juu ya mgongo wa maiti, akashika kipanya, akaiharibu tena kompyuta. Firdavs anaitaka arusi hii mpaka anapiga watu. Huyu mwingine haitaki mpaka anaua. Fungua kitundu cha sidii."

Sidii ilitoka ikiwa na alama ya kidole gumba, nyeusi ya masizi. Juu yake, kwa kalamu ya wino, kuliandikwa jina: Mehrangez.

Firdavs aliliona, akageuza uso.

"Dada yetu mkubwa. Kamera ilikuwa yake, hatuna nyingine. Aliozwa kwayo kwa Qodir. Akafa hukohuko Urusi, alianguka kwenye ngazi. Sasa Shahnoza anachukua nafasi ya dada yake. Si ndiyo desturi?"

Mama yao, Sabohat, alikuwa jikoni anakata karoti za pilau. Hakuacha kukata walipoingia.

"Mama, nipe kidole gumba," Rajabova alisema.

"Cha nini, binti yangu? Nina wageni."

"Nimekiona kwenye sidii. Nataka kukilinganisha."

"Mimi? Hata simu siwezi kuishika. Muulize Firdavs, ananicheka kila siku."

"Ukutani kuna picha yako. Umesimama kwenye mtambo wa kiwanda cha hariri, nishani kifuani."

"Miaka kumi na tisa," Sabohat alisema, na fahari ikamtangulia kabla hajaizuia. Kisu kikasimama. "Mitambo kumi na miwili ilikuwa chini yangu. Ukikwama, waliniita mimi, hawakumwita mhandisi."

"Basi niambie huu ulikwamaje."

Kikongwe yule alifuta mikono polepole.

"Nilitaka kuona picha za mwanangu. Wakati wa theluji kuyeyuka nilichomeka kamera yake, nikaweka sidii yake. Kompyuta ikazima. Nikarudia, ikazima. Mtambo ukizima mara mbili kwa jambo lilelile, umeshaujua. Jana kamera iliwekwa kando hadi Shahnoza atakapoulizwa; kila mulla alipoanza kumwuliza nilipita na moshi wangu, nikaichomeka. Nani anamtazama mzee mwenye moshi?"

"Mama!" Firdavs alisema mlangoni.

"Nyamaza! Dada yako alirudi kwenye sanduku la zinki. Wanaume mlisema lisifunguliwe. Nililifungua kwa nyundo. Mwanamume haoshi maiti ya mwanamke, kwa hiyo hamkuona. Niliona mimi. Mbavu sita. Meno ya mbele yote. Alama ya pasi mgongoni. Hiyo ngazi ilikuwa na pasi? Nikakwambia, ukasema kilio kimenivuruga akili. Kisha ukampa yule yule na mdogo wake."

Firdavs alishika fremu ya mlango.

"Na Suhrob?" Rajabova aliuliza. "Alikukosea nini?"

"Nilimsihi. Nilimwambia, mwanangu, sema imekushinda, basi. Akacheka. Akasema jina lake liko kwenye kibao barabarani, haliwezi kushindwa na kamera. Akasema tena kuna mtu anaiharibu makusudi, atampigia Firdavs aje ailinde kompyuta hadi saa tisa. Akatoa simu. Karai lilikuwa mkononi."

"Mara tatu."

"Ya kwanza alikuwa bado anakoroma. Nilitaka anyamaze."

Umed alimfunga pingu. Nje, getini, mwanamke alikuwa anapiga mayowe akiita jina la fundi.

"Shahnoza ataolewa leo?" Sabohat aliuliza.

"Kompyuta ni kielelezo, na nyumba ni eneo la uhalifu. Hapa haolewi mtu. Na zile mbavu nitaziandika kwenye jalada."

"Andika na pasi."

"Nitaandika. Yule getini ni mama yake Suhrob. Hakuwa na mtoto mwingine. Unataka nimwambie nini?"

Sabohat aligeukia mlango.

"Mwambie mwanawe alikuwa fundi hodari. Mwambie nilimpiga mimi, kwa mkono huu. Radhi siombi."