Vidole Vinane

Nyumba ilianza kunuka tope siku ambayo mabomba yalikuwa makavu kabisa. Mke wa Patasi aliinama chini ya sinki, akachungulia nyuma ya friji, asione kitu.

"Ni wewe na mawe yako," alimwambia mumewe.

Patasi ni jina walilompachika kazini, makumbusho, alikokwangua mawe hadi mifupa ya kale itokeze. Wiki ile alikuwa amemaliza kiumbe cha ajabu, samaki si samaki, mjusi si mjusi, miongoni mwa viumbe vya kwanza kabisa kuota miguu. Kila mguu ulikuwa na vidole vinane. Patasi, mjuaji wa kupindukia, akaona vitatu ni jiwe tu. Mnyama gani ana vidole vinane? Akavisaga kwa mashine, vitatu vya kila mguu, miguu yote minne, akafagia vumbi, akaenda zake nyumbani.

Kumbe mwenye vidole alimfuata.

Jumatatu binti yao wa miaka sita aliangusha kikombe. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa baridi, vya kijivu, vigumu. Hospitali walipiga picha, wakatikisa vichwa. Na mchana kweupe, milango imefungwa, wazazi wakasikia kitu kizito, chepechepe, kikijikokota sebuleni, kikitua, kikihema kwa shida kana kwamba ndiyo kwanza kinajifunza kuhema, kisha kikijikokota tena mpaka uvunguni mwa kitanda cha mtoto, kikanyamaza.

"Baba," mtoto alinong'ona, "kinahesabu vidole vyangu."

Mganga, mwanamke mzee, alipoitwa alinusa tu mlangoni, akakataa kuketi. "Jini huyu alilala jiweni tangu dunia changa. Anataka vyake."

"Nimevisaga, mama! Hata vumbi nimemwaga!"

"Basi mpe vyako."

Alasiri ile Patasi alirudi karakana ya makumbusho, akaweka mkono wake wa kulia kwenye mashine ileile. Yaliyofuata siyasimulii, moyo wangu hauwezi. Alirejea na kitambaa kilicholowa damu, akamkuta binti yake anachezesha vidole vyote vitano, vina joto, akavibusu kimoja kimoja huku analia.

"Kimeondoka," mkewe alisema. "Mungu wangu, kimeondoka!"

Harufu ya tope ikapanda tena.

"Baba," mtoto alisema, akiinua mkono wa kushoto. "Sasa ni huu."

Patasi aliutazama mkono wake uliobaki mzima. Akaitazama na miguu yake. Kisha akamwomba mkewe amvalishe viatu, arudi karakana.