Wimbo Uliokataa Kufungwa

Haya yalimkuta kaka yangu, nami nilikuwa nimekaa palepale, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Kaka anapiga kinanda. Wateja humwita Mwanzo, maana hakuna anayemshinda kuuanzisha wimbo. Mchana ule alikuwa hoi. Harusi juu ya harusi, macho mekundu, mgongo umekufa ganzi. Nilimpelekea chai kwenye chumba chake cha kurekodia. Mgane mmoja alikuwa amemletea sauti ya marehemu mkewe, iliyonaswa kwa simu akimbembeleza binti yao. Haikuwa na mwanzo wala mwisho. Alitaka vyote viwili.

"Mwanzo si kazi," kaka alisema huku akipiga miayo. "Naziiba kodi za mwisho wa kiitikio, nazipiga polepole. Msikilizaji anaonjeshwa wimbo kabla haujaanza."

"Kodi? Mwenye nyumba wako asikusikie."

"Za kinanda, dada. Noti zinazobonyezwa pamoja." Hakucheka. Hata kucheka kulimchosha.

Mwanzo ukatoka mtamu. Mwisho ndio uliogoma.

Kila wimbo una kodi yake ya nyumbani; ukiifikia, wimbo umefungwa, sikio linatua. Kaka alipoikaribia, yule mama akaanza ubeti mwingine. Ubeti ambao haukuwemo kwenye simu.

Kaka akazima mashine.

Sauti ikaendelea.

Akavua spika za masikioni, akanivisha. "Sikiliza."

Nikasikia pumzi. Kisha mnong'ono: "Usinifungie."

Mgane alipokuja tukamweleza. Hakushangaa. Alijibwaga kitini kama gunia.

"Mtoto halali," alisema. "Tangu tuzike, anaimba chumbani. Na haimbi peke yake. Nimechoka, fundi. Mfungie mwenzangu apumzike."

Kaka alinitazama. Akabonyeza.

Kodi ikatua. Kimya.

Simu ya mgane ikalia. Alikuwa mama mkwe wake: mtoto amelala fofofo, katikati ya neno. Yule baba alilia mpaka akapaliwa.

Kesho yake akapiga kushukuru. Binti ameamka mzima, amekula, anacheza. Ila amesema jambo, na baba mtu hajui alichukulieje.

"Kasema nini?" kaka akauliza.

"Eti mama amehamia kwa anayepiga kinanda."

Tangu hapo kaka hajapiga tena. Ukimuuliza, anasema amechoka tu. Kinanda amekichomoa kwenye umeme, amekisukumia ukutani sebuleni, na anaishi peke yake. Juzi nilipita kumsaidia usafi. Vumbi lilikuwa limekifunika chote. Nikakunja kitambaa nifute, nikainama nitazame vizuri.

Vitufe vya ule mwanzo wa wimbo wa marehemu vilikuwa safi. Vile tu, si vingine.

Nikavigusa. Vilikuwa na joto, kama vimetoka kuachwa sasa hivi.