Sauti ya Pili Nyuma ya Kitambaa Cheusi

Jua lilikuwa linazama Dada alipotoka kununua betri za tochi. Kazi yake haiendi bila tochi. Yeye ndiye mnong'onezi wa kikundi cha maigizo. Hukaa kwenye kigoda nyuma ya kitambaa cheusi, pembeni mwa jukwaa, maneno ya mchezo mzima yakiwa mapajani, na mwigizaji akisahau humrushia maneno mawili matatu, naye akayadaka na kuendelea. Watazamaji hawamjui wala hawampigii makofi. Akiifanya kazi yake vizuri ni kama hayupo.

"Dada" si jina lake. Ndivyo alivyokuwa akiitwa na mdogo wake, Kitinda, wenzao kikundini wakafuata, mpaka na watu wazima waliomzidi umri nao wakawa wanamwita Dada. Kitinda mwenyewe ndiye hayupo tena wa kumwita. Alifia mazoezini, kwenye jukwaa hilo hilo, na leo mchezo uliomuua ulikuwa unarudi.

Mchezo wenyewe ni tanzia, na mwongozaji wao, Kipara, anaipenda kuliko anavyompenda mkewe. Mkewe analisema hilo hadharani, tena mbele yake. Kipara haishi kueleza kwamba tanzia haibishi hodi. Onyesho la kwanza tu, mtazamaji awe ameshaonja uongo, usaliti na mzimu, na yanayofuata ni kuvuna kilichopandwa. Ndivyo ulivyo huo mchezo. Wasichana wawili marafiki wanakwenda kisimani, wanakuta ndoo imekatika kamba na kuzama. Mmoja anamshawishi mwenzake ashuke kuifuata, anamfunga kamba kiunoni, anamwambia, "Nimekushika, usiogope." Kisha anaiachia. Pazia halijafungwa, sauti ya marehemu inapanda kutoka kisimani.

Kisima kilikuwa cha mbao, kimejengwa juu ya tundu la sakafu ya jukwaa. Chini yake ni shimo refu lenye sakafu ya saruji, na siku za mazoezi huwekwa godoro. Kitinda ndiye aliyekuwa anashuka. Aliyekuwa anashika kamba ni rafiki yake wa chanda na pete, msichana waliyempa jina la Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika. Siku ile kamba iliteleza. Godoro nalo lilikuwa limetolewa kuanikwa nje, na kila mtu akasema maskini, Kitinda hakuangalia kabla ya kushuka. Ajali haina kinga. Wakalia, wakazika.

Chiriku hakuondoka msibani. Matanga yalipoisha alibaki kumchotea maji Mama, kumpikia, kumsimulia vichekesho mpaka siku moja Mama akacheka bila kutaka. Mama akampa kitanda cha Kitinda alale hapo hapo. Akawa anamwita mwanangu. Dada naye alishukuru kwa moyo wote, maana yeye mwenyewe alikuwa hana hata neno moja la kumpa mama yake.

Kipara alipoamua kuurudisha mchezo, nafasi ya Kitinda akapewa Chiriku. Nani mwingine aliyeyajua maneno yale? Ila kushuka kukapigwa marufuku. Angekaa tu ukingoni mwa kisima, miguu ndani, kamba kiunoni, kisha taa zizimwe. Kwa kuwa hakuna wa kushuka, hata godoro hawakuliweka.

Saa ya mchezo ikafika. Ukumbi ulijaa. Dada akakaa kwenye kigoda chake, akafunika tochi kwa kiganja ili mwanga usivuje, akamsikia Chiriku na msichana mpya wa kushika kamba wakiingia jukwaani wakicheka. Kisima kilikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono. Mambo yakaenda vizuri. Uongo ukasemwa, kamba ikafungwa, Chiriku akapanda ukingoni, akaingiza miguu.

Akanyamaza.

Dada alimwona kwenye upenyo wa kitambaa. Macho yamemtoka. Kasahau. Lilikuwa jambo la kawaida, hata magwiji husahau. Akainamia karatasi, akapata mstari, akafungua mdomo...

Harufu.

Dawa ya mafua, ile ya kuchua kifuani. Kali, mbichi, kama imetoka kopoani sasa hivi. Kitinda alikuwa na mafua siku aliyokufa, na Mama alimchua kifua kabla hajatoka nyumbani.

Halafu, kushoto kwake, karibu kabisa na sikio, mtu akavuta pumzi kwa pua iliyoziba.

"Kamba haikuteleza."

Ni mnong'ono. Sauti ya Kitinda.

Dada hakugeuka. Shingo ilikataa.

Huko jukwaani, Chiriku akayadaka maneno. Na hapa lazima mtu aelewe jinsi watu hawa walivyofunzwa. Kwenye kikundi chao kuna sheria moja ambayo Kipara aliwapigia kelele mpaka ikaingia kwenye mifupa: mnong'onezi habishiwi. Ukinong'onezewa, sema. Usifikiri, usigeuke, usiulize, maana ukianza kujiuliza mchezo umekufa. Chiriku alikulia kwenye sheria hiyo. Mdomo wake ulisema kabla akili haijafika.

"Kamba haikuteleza," akasema kwa sauti ya jukwaani, ukumbi mzima ukamsikia.

"Niliiachia."

"Niliiachia."

Watazamaji walidhani ndio mchezo wenyewe. Msichana mpya aliyeshika kamba alikuwa anatazama huku na huku.

"Aliniuliza kama godoro lipo..."

"Aliniuliza kama godoro lipo." Sasa Chiriku alikuwa analia, lakini kila neno lilitoka wazi, jinsi alivyofundishwa. "Nikamwambia lipo. Nikasema nimeliona kwa macho yangu. Nilijua halipo. Nilitaka nafasi yake."

Uchungu ulimshika Dada. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa kitandani, mezani, mikononi mwa Mama. Na katikati ya uchungu huo kulikuwa na furaha, ndiyo, furaha, ya aibu kabisa, kwa sababu mdogo wake alikuwa pale. Alikuwa anapumua. Angeweza kukaa kwenye kigoda kile maisha yake yote akimsikiliza.

"Nafungua kamba," Kitinda akanong'ona.

"Nafungua kamba."

Mkono wa Chiriku ukaenda kiunoni. Vidole vikaanza kulegeza fundo. Watazamaji wa mbele wakasogea kwenye viti vyao.

Chini, saruji tupu.

Dada alijua kinachofuata. Alijua pia jambo jingine, kama anavyolijua kila mtu wa kazi hiyo: hakuna wanong'onezi wawili. Mmoja akisema, mwingine hunyamaza. Akifungua mdomo wake, sauti ile itakwisha. Akinyamaza kidogo tu, neno moja zaidi...

Fundo likafunguka.

"Nashuka," ikaanza kusema ile sauti.

"Basi." Dada hakumbuki kama aliamua. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye karatasi. Alilielekeza neno kushoto, gizani, kwenye ile harufu. "Basi, mdogo wangu. Yametosha. Nenda kapumzike."

Na Chiriku, aliyefunzwa kusema kila anachonong'onezewa, akanyanyua uso uliolowa machozi, akaliambia giza la ukumbi kwa sauti kubwa:

"Basi, mdogo wangu. Yametosha. Nenda kapumzike."

Taa zikazimwa. Makofi yakalipuka. Watu walisimama, wengine wakapiga miluzi.

Kushoto kwa Dada hapakuwa na mtu wala harufu.

Walimkuta Chiriku amejikunja kwenye mbao, mbali na kisima, ameziba masikio kwa viganja. Alimwuliza Dada swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Dada, yale maneno ya mwisho ni yako. Yale mengine ni ya nani?"

Dada akazima tochi yake. Kipara, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema kuhusu tanzia, alimshika Chiriku mkono akaenda naye polisi, na Chiriku hakupinga. Alirudia yote huko bila kunong'onezewa. Fundi wa taa, mtu asiyeamini hata ndoto zake, aliapa kwamba kutoka pale juu alimwona Dada nyuma ya kitambaa, na midomo iliyokuwa ikicheza ilikuwa yake yeye peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho. Labda. Dada hakubishana naye. Lakini la godoro angelijuaje?

Akaenda nyumbani. Mama alikuwa amekaa sebuleni, hakutaka kwenda ukumbini tangu msiba ule, na chakula cha Chiriku alikuwa amekifunika mezani. Dada akamweleza yote. Hakuficha hata lile la furaha. Mama alisikiliza bila kumkatiza, kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na shuka za kitanda cha Kitinda, akaziweka nje ya mlango. Akarudi kukaa.

"Alikuwa karibu nawe kiasi gani?" aliuliza.

"Hapa, Mama. Sikioni."

"Na wewe ukamwambia aende."

Dada alisema yule mwingine angekufa. Alisema asingeweza kumwacha mtu afe mbele yake, hata mtu yule.

"Najua," Mama akasema. "Umefanya vizuri. Mtu mwema angefanya hivyo." Akakitazama kile chakula kilichofunikwa. "Mimi ningemwacha amalize."

Kisha Mama akavuta kiti chake, akakileta upande wa kushoto wa Dada. Akaegemeza kichwa chake pale begani, sikio lake likiwa limegusana na sikio la mwanawe, akashusha pumzi, akatega kusikiliza.

Hakukusikika kitu. Wakakaa hivyo hivyo.

"Mwambie," Mama akanong'ona, "na mimi nipo hapa."