Wa Kurudi ni Wawili

Sima ya Jedidah ilianza kuwa na chumvi. Mwanzoni mumewe, Onesmus, aliimeza bila neno, maana mwanamke aliyetoka kuzika mtoto haulizwi habari za chumvi. Ilipozidi, akauliza. Jedidah akaonja, akashangaa, akaapa kwamba chumvi hakuigusa.

Walikaa landhi za reli hapo Voi, zile nyumba za wafanyakazi, ambako Onesmus alitia mafuta magurudumu ya mabehewa. Binti yao wa pekee, Wakesho, alichukuliwa na malaria masika ya mwaka huo wa 1957. Kila Krismasi alikuwa akiomba apelekwe Mombasa akaone bahari, na kila Krismasi baba yake alimjibu, "Mwakani, mama." Ahadi ni deni, na hili Onesmus alikuwa amelifukia pamoja na mwenye kulidai.

Basi jioni moja treni ikapiga honi. Jedidah alikuwa akisonga sima. Mwiko ukasimama, akageuka, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Baba, hiyo inaenda Mombasa?"

 Jedidah siku zote alimwita mumewe Baba Wakesho. Aliyemwita Baba tu alikuwa mmoja, na alikuwa kaburini.

Tangu hapo kila treni ilipolia Jedidah alitetemeka na kuanguka, na nyumba ikajaa harufu ya mwani na samaki, hapo Voi penye vumbi ambapo hata maji ya kunywa ni ya kubembeleza, na kwenye saruji zikatokea nyayo mbichi za mtoto, kutoka mlangoni hadi kitandani, zikikauka na kuacha weupe wa chumvi, huku Jedidah akikataa chakula na kukonda mpaka pete ikawa inamponyoka kidoleni, na Onesmus, mtu wa kanisa, akajua kwamba akiendelea kuona haya kwenda kwa mganga atazika tena.

Akapanda milimani Chawia kwa bibi mmoja, Mkawasi, aliyekuwa mganga.

"Ni saka," Mkawasi akasema. "Pepo la kutamani. Likipewa linachotaka, linatoka."

"Lakini nyanya, ni mwanangu yule?"

"Sauti ni ya mwanao. Aliyeivaa simjui." Bibi akashusha sauti. "Mpeleke akaione bahari. Kisha chukueni gauni la marehemu mlizamishe. Ambaye nguo yake itazama, ndiye atakayebaki majini. Kata tiketi tatu za kwenda, lakini wa kurudi ni wawili."

Ndivyo nyumba ile ya kilio ilivyoanza kupanga matembezi. Jedidah akapata uhai kidogo.

"Tulale kwa binamu yako Crispus, pale Majengo," akasema. "Mkeka hatakosa."

"Na kula?"

"Viazi vitamu nitachemsha hapa hapa. Hoteli za Mombasa tutanusa tu, Baba Wakesho."

"Na mjini twende kwa miguu. Tuone zile pembe kubwa za ndovu za barabara ya Kilindini, tuone Ngomeni."

"Ngomeni si jela?"

"Kwa nje, mke wangu. Kwa nje hakuna kiingilio."

Wakacheka. Kisha wakaona aibu kwa kucheka.

"Kwa nini mtoto hana tiketi ya kurudi?" Jedidah akanong'ona.

"Nyanya amesema, Mama Wakesho. La sivyo utakufa."

"Na huko nani atamchana nywele?"

 Onesmus alitoka nje akalia karibu na tangi la maji. Aliporudi, Jedidah alikwisha kufunga furushi la kutupwa baharini, amelikaza fundo mwenyewe.

Mombasa wakaiona. Mbele ya pembe za Kilindini ile sauti ndogo ikauliza ndovu mwenyewe yuko wapi, na Onesmus akajibu, akajibu kila swali, machozi yakimtiririka na watu wakimtazama, kwa sababu hayo ndiyo majibu aliyomnyima kila Krismasi. Kwenye feri ya Likoni, katikati ya maji, Jedidah akalirusha furushi. Likazama. Akamtazama mumewe kwa macho yake mwenyewe, yaliyotulia.

"Baba Wakesho," akasema, "utunze nyumba."

Onesmus alidhani ni uchovu. Njia nzima ya kurudi mkewe alilala begani pake, hakutetemeka hata treni ilipopiga honi, na Onesmus akamshukuru Mungu kimyakimya. Pale Voi karani akapokea tiketi mbili, akawapisha.

Nyumbani akafungua kikapu atoe viazi vilivyobaki. Juu ya viazi kulikuwa na gauni la Wakesho, kavu, limekunjwa vizuri. Akaenda kwenye sanduku la nguo. Leso ya harusi ya Jedidah haikuwemo.

"Mama Wakesho," akaita. "Mama Wakesho, ulitupa nini?"

Mwanamke aliyeketi kitandani alikuwa akibembeza miguu.

"Baba, Mama alisema nirudi mimi. Alisema yeye anajua kujichana mwenyewe."

Akashuka, akaleta kitana, akamvuta Onesmus aketi kitandani, naye akaketi sakafuni katikati ya magoti yake, akainamisha kichwa akingoja. Onesmus alimpenda mke wake, na hapo ndipo alipojua kiasi gani. Akaanza kuchana. Nywele zilikuwa zimelowa chapa, na kila alipopitisha kitana, mchanga mweupe ulimwagika sakafuni.