Mlango Unaofunguka Ukitazamwa

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi kilinuka mpira ulioungua na jasho la wanaume wanne waliojiona werevu. Watatu kati yao hawakuwa werevu hata kidogo. Wa nne alikuwa na akili, ila alikuwa anaitumia kuwafurahisha hao watatu, kwa hiyo tumhesabu humo humo.

Mkubwa wao aliitwa Nyundo. Mwenyewe alidhani ni kwa sababu ya ngumi zake. Waliompa jina walikuwa wanazungumzia kichwa.

Alichora ghala kwa chaki juu ya meza.

"Sikilizeni, sirudii. Saa saba wafanyakazi wanatoka kula. Mlango mkubwa wanaufunga kufuli kwa nje. Mlinzi anabaki getini, mbele. Huku nyuma, uchochoroni, kuna mlango namba tatu. Wa chuma, unajikunja kwenda juu. Unapanda, gari linaingia. Unashuka, tunapakia simu mpya, maboksi kwa maboksi. Unapanda tena, tunasepa."

"Nani anaufungua?" aliuliza Kifua. Huyu kazi yake ilikuwa kubeba. Hakuna aliyewahi kumwomba afikiri.

"Hakuna mtu. Ndiyo raha yake." Nyundo aligeukia kona ya chumba. "Shemeji, waeleze. Kwa kifupi. Usituletee mihadhara."

Wote walimwita Shemeji, ingawa alikuwa shemeji wa Nyundo peke yake. Nyundo alimwoa dada yake. Alikuwa fundi wa kompyuta, na ghala lile lilikuwa mteja wake. Milango na kamera za pale ziliendeshwa na programu moja iliyokaa kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisini. Shemeji alikuwa ameandika skripti ya kuiendesha programu hiyo bila mtu. Ilisogeza kipanya yenyewe, ikabonyeza vitufe yenyewe: zima kamera, pandisha namba tatu, subiri, shusha, subiri, pandisha. Kisha akaifunga yote ikawa faili moja la kujiendesha, akaliacha kwenye seva siku alipokwenda kusafisha vumbi.

"Linaanza lenyewe saa saba," alisema. "Sisi hatugusi kitu."

Alisema "sisi" kwa fahari, maskini. Wiki sita amekonda kwa ajili ya faili lile, na hakuna aliyemwambia hata ahsante.

Mnataka kujua aliingiaje humo? Kwa mdomo wake. Siku moja mezani kwa dada yake, kwa kujitia mjuaji, alimsimulia Nyundo jinsi ghala zima linavyofunguka kwa kubonyeza tu. Kesho yake Nyundo alimjia na mpango mkononi. Shemeji alipokataa, Nyundo alicheka. "Basi namwambia dadako kwamba wazo ni lako. Utabisha?"

Hakuweza kubisha. Dada yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyeuza cherehani yake ili yeye asome kozi ya kompyuta. Shemeji hakuogopa jela kama alivyoogopa siku ambayo dada yule angemtazama na kumwona mwizi. Nyundo alijua hivyo, na hapo ndipo alipombana.

Saa nne.

Jaribio. Faili lilipangwa lijianzishe, lipandishe mlango kiasi cha shibiri, liushushe kabla walio ndani hawajagundua. Dereva, aliyebaki katika wale wanne, alikuwa uchochoroni, simu sikioni, anajifanya kukagua injini.

"Vipi?" aliuliza Nyundo.

"Mlango umelala."

Shemeji alijiunganisha na seva kutoka kwenye kompyuta yake, akatazama, akalianzisha faili kwa mkono. Kipanya kikatembea chenyewe.

"Umepanda," alisema Dereva. "Sasa unashuka. Safi."

"Unaona?" Shemeji alitabasamu. Akajitoa kwenye seva, akalipanga tena.

Kimya.

"Umelala," alisema Dereva.

Akajiunganisha. Ukapanda. Akajitoa. Ukalala. Mara tatu hivyo. Mara ya nne Kifua alianza kucheka, na Kifua hucheka tu kitu rahisi kuelewa.

"Kwako inafanya," alisema Nyundo. "Kwenye kazi haifanyi. Kama wewe mwenyewe."

Shemeji aliinamia kompyuta. Alianza kukagua. Labda programu ya kuzuia virusi imelimeza faili, maana wiki iliyopita ililimeza. Hapana, faili lipo. Labda halina ruhusa. Linayo, tena ya juu kabisa. Alifungua kumbukumbu za faili lenyewe, akasoma. Kila safari liliandika kwamba kazi imekamilika salama. Kamera zimezimwa. Mlango umepandishwa. Uongo mtupu, na limeuandika bila aibu.

Akashika tama. Kisha uso ukamshuka.

"Ni skrini," alisema polepole.

"Skrini gani?"

"Skripti inatafuta kitufe pale kinapochorwa. Mimi nikiwa nimeunganishwa, seva inachora skrini, kitufe kipo, inakibonyeza. Nikijitoa, hakuna mtu anayetazama. Seva haioni sababu ya kuchora kitu. Kwa hiyo skripti inabonyeza hewa, halafu inasema imemaliza."

Nyundo alimkodolea macho.

"Yaani mlango unaona haya mpaka utazamwe."

"Kwa lugha yako, ndiyo."

"Na wiki sita zote hukujua?"

Hapo ndipo mafundi wa aina yake wanapojipalia makaa. Wiki sita alilijaribu faili lake huku amelikodolea macho, kama mzazi anayetazama mtoto akijifunza kutembea. Hakuna siku aliyoliacha peke yake aone litafanya nini.

"Basi baki umeunganishwa," alisema Dereva kwenye simu. Lilikuwa wazo la kwanza la maana asubuhi ile.

"Mtandao wa hapa unakatika kila saa. Ukikatika mko ndani, mmebaki ndani."

"Suluhisho?" Nyundo aliuliza.

Shemeji alijibu shingo upande, kwa sababu alijua kitakachofuata. "Mtu akae kwenye seva yenyewe. Chumba cha mitambo, ghorofani kwenye jengo la ofisi, kando ya ghala. Skrini iwe wazi, asiache ijifunge."

"Mtu gani?"

Nyundo na Kifua wakamtazama yeye. Mlinzi anamjua nani? Neno la siri ni la nani?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu alikesha wiki sita ili pale pasikae mtu, na sasa anakwenda kukaa pale yeye mwenyewe. Kifua akamuuliza kwa nini basi asibonyeze vitufe kwa mkono. Shemeji aliudhika. Alisema skripti ina hesabu zake za muda, mkono wa mtu hauna. Aibu gani, kulionea fahari faili siku ya kwenda kuiba.

"Ukimaliza unatoka kwa miguu yako," alisema Nyundo, akamshika bega. "Tunakusubiri kona ya kituo cha mafuta. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Saa saba mchana.

Mlinzi alimfungulia geti bila kumuuliza. Ofisi zilikuwa tupu, viti vimesukumwa nyuma, kikombe cha chai kimeachwa nusu. Chumba cha mitambo kilikuwa baridi na kikipiga kelele za feni. Shemeji aliketi, akaingiza neno la siri, akaweka simu karibu na kibodi, laini wazi, kama walivyokubaliana. Simu ya upande wa pili ilikuwa mfukoni mwa shati la Nyundo.

Faili likaamka. Kipanya kikatembea. Kamera zikazimika moja baada ya nyingine. Namba tatu ikapanda, gari likaingia, namba tatu ikashuka. Kila kitu kwa wakati wake. Alijisikia vizuri mno, na hakuna aliyekuwepo wa kumwona.

Kwenye simu alisikia maboksi yakitupwa garini. Kifua anahema. Kisha sauti ya Dereva.

"Na Shemeji tunamsubiri kona ipi? Kituo cha mafuta kiko wazi mno."

"Nani kasema tunamsubiri?"

"Si ulimwambia?"

"Nilimwambia." Boksi jingine. "Mlinzi kamwona akiingia. Neno la siri lake. Polisi wakija wanamkuta mtu wao tayari, wanatulia. Sisi tunapumua."

Dereva aliuliza tena. "Na mkeo?"

"Mke wangu nitamwambia mdogo wake mwizi, tena wa siku nyingi. Mimi hilo ghala hata silijui liliko. Atalia siku mbili, atanyamaza."

Mtu ambaye Nyundo alizoea kumdharau alikuwa mfukoni mwake anasikia kila neno. Wakubwa wa aina hii ndivyo walivyo. Wanakumbuka kubeba bastola, wanasahau kukata simu.

Shemeji aliganda. Kutoswa hakukumshangaza, labda tangu mwanzo alijua. Kilichomchoma ni zile siku mbili. Dada yake, aliyempa kila kitu, amepimiwa siku mbili za kulia, tena kwa uongo. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye genge lile hakumwogopa Nyundo hata chembe.

Alinyanyuka, simu mkononi. Akabonyeza vitufe viwili, vile anavyobonyeza kila fundi akiinuka kitini. Skrini ikajifunga, nyeusi, ikaomba neno la siri.

Chini yake faili liliendelea na kazi. Lilipofika wakati wa kupandisha mlango, likabonyeza hewa, likaandika kwamba umepanda.

Alikuwa kwenye ngazi simu ilipoita jina lake.

"Shemeji. Muda umepita. Mlango."

Aliendelea kushuka.

"Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia. Nimekusikia tangu mlipoanza kupakia."

Upande ule boksi lilianguka. Nyundo alijichekesha.

"Aa, tulikuwa tunataniana bwana. Wewe nawe. Fungua basi." Akangoja. "Fungua, nitakupa nusu." Akangoja tena, na sauti ikabadilika. "Fungua, mbwa wewe. Bila mimi wewe nani?"

Shemeji alikata simu.

Getini mlinzi alikuwa anajifuta mdomo kwa kiganja. "Umeshamaliza, fundi?"

"Kuna watu ndani ya ghala, mlango namba tatu. Piga simu polisi. Usiende mwenyewe, wana silaha."

"Watu gani?"

"Mmoja ni shemeji yangu."

Mlinzi alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Haukuisha. Akainua simu ya getini.

Barabara ilikuwa wazi. Shemeji angeweza kuingia mitini hapo hapo. Lakini kama angekimbia, Nyundo angekuwa wa kwanza kumsimulia dada. Akaketi kwenye benchi la mlinzi, akapiga namba.

"Umekula?" dada aliuliza kabla ya salamu.

"Bado. Dada, nisikilize mpaka mwisho, halafu unitukane." Akameza mate. "Mimi na mumeo tumekuja kuiba. Yeye yuko ndani ya ghala, nimemfungia. Mimi niko getini, polisi wanakuja. Aliyemweleza mlango unavyofunguka ni mimi. Hakunifundisha mtu."

Kutoka upande wa uchochoroni kilisikika chuma kikigongwa, pigo baada ya pigo. Kifua huyo, anafanya kazi pekee anayoijua.

Upande wa dada kiti kilisukumwa, funguo zikalia.

"Usiondoke hapo," alisema dada. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nakuja."

"Unakuja kwa nani, dada? Kwangu au kwake?"

Alisubiri jibu, kisha akatazama simu. Dada alikuwa ameshakata.