Mgeni wa Maji

Stendi ya mabasi ilikuwa imefurika asubuhi ile, na ndani ya msongamano huo alipita dada wa mapokezi wa kliniki ya meno, kasia refu begani. Alipogeuka kutazama saa ya ukutani, kasia likageuka naye. Likanasa koti jeusi la harusi lililoning'inia mkononi mwa fundi cherehani, likaondoka nalo.

"Dada! Nirudishie bwana harusi! Anaoa Jumamosi, si leo!"

Akageuka tena, watu wakainama kuokoa vichwa vyao. Alivaa sare ya kijani iliyonyooshwa pasi ikakaa sawasawa, lakini miguuni alikuwa na ndara zenye mchanga mbichi. Fundi alikuwa amejiandaa kugomba, akajikuta anacheka.

"Kasia la nini huku mjini?"

"Nasomea ualimu wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, kule ziwani. Mwisho wa mwezi naacha kazi."

"Uache kiyoyozi ukaloe?"

"Miaka tisa nawaambia watu wenye hofu, 'Kaa hapo, daktari anakuja.' Nimechoka kuwatazama wakiogopa. Nataka niwashike mkono mpaka hofu iwatoke."

Fundi alilichukua koti lake na namba ya simu. Kuanzia siku hiyo alimwita Kasia, naye akaitwa fundi wangu, na mapenzi yakanoga mpaka wateja wa cherehani wakazoea kungoja simu iishe.

Dada aliacha kazi kweli, na kiti chake kikapata mtu mwingine. Uliobaki ni mtihani. Kanuni yake ilikuwa moja: mwalimu mtarajiwa alete mgeni wa maji, mtu asiyewahi kushika kasia, amfundishe pale pale, kisha wazunguke boya na kurudi.

"Fundi wangu, wewe maji unayajua?"

"Mimi? Hata beseni naliheshimu."

"Basi mgeni wangu ni wewe."

"Na nikikuangusha? Kazi umeshaacha, mpenzi."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Njoo tu."

Fundi hakulala vizuri. Aliogopa kuogopa, alijiona akitapatapa, mtihani ukiharibika kwa sababu yake. Kwa hiyo wiki tatu nzima, kila alfajiri, alikwenda kwa siri ng'ambo ya ziwa kujifunza kwa mwalimu mwingine, simu ameizima.

"Alfajiri simu unamzimia nani?" dada aliuliza.

"Nauzimia usingizi, kipenzi."

Siku ya mtihani fundi alikaa kwenye kayaki kama aliyezaliwa humo. Kabla hajafunzwa neno aligeuza kasia, akalichoma majini bila kurusha hata tone. Mtahini, mama mmoja mkavu mwenye kofia pana, akapuliza filimbi.

"Huyu si mgeni. Mtihani umefutwa. Rudi mwezi ujao na mgeni wa kweli."

Walipofika nchi kavu dada alilitupa kasia mchangani.

"Nilitaka ufaulu. Alfajiri zile nilikuwa najifunza," fundi akasema.

"Hukuamini kwamba naweza kukufundisha. Nimeacha kila kitu kwa ajili ya kazi hii, na mtu wa kwanza kuitilia shaka ni wewe!"

Akaondoka. Siku kumi fundi alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akaifumua, akajua kwamba dada alisema kweli. Iliuma. Siku ya kumi na moja simu ikapokelewa.

"Usikate."

"Nasikiliza. Sijasamehe."

"Nimekupatia mgeni. Mama yangu."

"Mama? Yule anayevuka dimbwi kwa kushikwa mkono?"

"Huyo huyo. Mimi nitakaa ukingoni, mdomo nimeushona."

Siku ya mtihani wa pili mama alifika na gauni la maua, jaketi la kujiokolea likimbana kifuani. Alipowekwa mbele kwenye kayaki ya watu wawili alifumba macho.

"Mwanangu, nikifa?"

"Hufi, mama. Niko nyuma yako. Fumbua jicho moja tu kwanza."

Mama akafumbua moja. Baadaye la pili. Kasia likachota maji kulia, likachota kushoto, na sauti ile ya upole nyuma yake haikuharakisha wala kunyamaza. Walipofika kwenye boya mama akaacha kupiga kasia.

"Nimetumwa."

"Na nani, mama?"

"Na yule aliyeshona mdomo. Alisema nikuambie tukifika nchi kavu, lakini mimi sina uhakika wa kufika. Anataka kukuoa. Nami naongeza langu: mtu hakupi mama yake uende naye majini kama hakuamini."

Dada akaona ziwa lote likimlengalenga machoni.

"Mama, usinilize, niko kwenye mtihani."

"Basi jibu tugeuze."

"Mwambie ndiyo. Na mwambie alfajiri zake zote sasa ni zangu."

Walirudi. Mtahini aliandika neno moja kwenye karatasi, akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule. Fundi alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake.

"Mama! Amesemaje?"

Mama alimtazama mwanawe, akalitazama boya, akakaza mikono kwenye kasia.

"Wewe ngoja hapo hapo," akasema. "Mwalimu, tuzunguke tena."

Kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu.