Mpinzani wa Runji Alikaa Pangoni

Itangazwe kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kutoka Muthara hadi Gachoka, kwamba hapa inaanza hadithi ya mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kuchipuka upande huu wa Mlima Kenya. Wenye mioyo dhaifu na waketi. Wenye leso na wazitoe.

Yalichipuka kwenye kibanda cha kuuza ndoo.

Kibanda hicho kiko soko la Gakoromone mjini Meru, kati ya mama wa viazi na kijana anayetangaza dawa ya panya kwa kipaza sauti bila kumeza mate. Mwenyewe anaitwa Runji, mzaliwa wa Gachoka kule Embu, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakosa pumzi na ndevu zilizochongwa kama ua wa michongoma wa nyumba ya mbunge. Alikuwa akipanga mabeseni kwa rangi Celina aliposimama mbele yake. Celina alivaa gauni la kitenge la njano na raba nyeupe ambazo matope ya soko yalikuwa yameshazionja. Pua yake ilikuwa imebambuka ngozi kwa jua, na hakuna mtu wa Meru anayeungua hivyo akiwa Meru.

"Nataka vikopo vidogo vyenye vifuniko visivyovuja," alisema. "Vingi."

"Vya pilipili ama vya mafuta ya kujipaka, madam?"

"Vya kuweka vipande vya mapezi ya samaki."

Runji alimtazama vizuri. Upande huu wa mlima samaki bado ana kesi ya kujibu. Wako wazee wanaoamini kwamba ni nyoka aliyebadilisha jina.

"Unawauza?"

"Nawachunguza."

"Ala! Wewe ni polisi?"

"Polisi wa samaki," Celina akasema, akacheka hadi mama wa viazi akageuka.

Akamweleza. Yeye ni mtafiti wa bahari. Huzama kwenye miamba ya matumbawe kule pwani akihesabu aina za viumbe. Bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yaligeuka meupe na kufa, na sasa anafuatilia ni samaki gani waliopotea, ni nani waliobaki, na hao waliobaki wanajijengaje upya. Kipande kidogo cha pezi humwonyesha nani ni mtoto wa nani. Alikuwa amerudi nyumbani kuandika tasnifu yake ya uzamifu.

"Kwa hivyo wewe ni chifu," Runji akasema. "Unaita baraza uone nani amehama na nani bado yuko."

Celina alisahau kucheka. Wasimamizi wake wa chuo walikuwa hawajawahi kuieleza kazi yake vizuri hivyo. Alipofungiwa vikopo vyake aliona kimoja kimezidi.

"Na hiki?"

"Weka namba yangu humo. Hakivuji."

Basi simu zikaanza. Asubuhi: "Umeamka, mrembo wa maji ya chumvi?" Mchana: "Umekula, ama umetafuna majani ya muguka tu, wewe mtu wa Embu?" "Afadhali muguka wetu, bebi. Miraa yenu hutafunwa na watu wasio na haraka ya kuoa." Jioni walitembea Makutano, Runji akiwa amembebea mkoba, na akimwona mwanamume yeyote akimtazama Celina zaidi ya inavyostahili, humkazia macho hadi maskini anavuka barabara. Ndiyo, Runji alikuwa na wivu. Aliwahi kununa kwa sababu daktari wa meno alimwambia Celina afungue mdomo.

Hapa sharti nimtambulishe msichana mmoja, Maxine, mdogo wake Celina, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Ni mpole, ana nidhamu na uso wa malaika. Wakati wa likizo hukaa kwa dada yake mjini Meru. Namtaja tu kwa kuwa anahusika kidogo sana.

Maxine ana cheo kimoja duniani: ndiye anayewapa majina samaki wa Celina. Kila samaki mkubwa ana madoa yake, tofauti na ya mwenzake, na kwa miaka mingi Celina amekuwa akituma picha, Maxine akitoa jina. Chewa mzee aliyelinda pango kubwa aliitwa Kailemia, kwa heshima ya naibu wa mwalimu mkuu, kwa sababu ya midomo. Mwingine aliitwa Salesio, kwa heshima ya bawabu wa shule, kwa sababu hulala mchana. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutoa jina hata moja. Lilikuwa jambo la dada wawili, kama kulala kitanda kimoja siku ya kwanza ya likizo.

Asubuhi moja Celina aliinua kichwa kutoka kwenye simu, macho yakimetameta.

"Max, chewa mdogo ametokea upande ule wa mwamba uliokufa! Wa kwanza tangu lile joto! Nimemwita Runji."

Maxine alimeza chai. Ilikuwa moto sana. Tuendelee.

Mapenzi yalinoga hadi ikapangwa Jumamosi moja Runji aje Muthara na watu wake ajulikane kwa wazazi wa Celina. Kila mtu anajua siku kama hiyo ina uzito gani. Mwanamume asipotokea, msichana hubaki amevaa vizuri mbele ya shangazi zake, na baba yake hamtaji tena mwanamume huyo maishani.

Siku chache kabla, Runji alikuwa kwenye kochi la Celina akinywa chai simu ilipolia. Alikuwa Mwanasha, mwenzake Celina katika utafiti, akipiga kutoka pwani.

"Kailemia amerudi?" Celina alipiga kelele. "Usiniambie! Yuko mzima? Amelala pale pale? Jamani, nimemmisi!" Akatoka nje kutafuta mtandao, mkono mmoja kifuani.

Kikombe cha Runji kilikaa hewani.

"Shemeji," aliuliza polepole, "Kailemia ni nani?"

Maxine alikunja mikono magotini kama mtu aliye kanisani.

"Ni wa kule baharini."

"Wamejuana tangu lini?"

"Tangu dada aanze uzamifu. Alikuwa akimtembelea kila akienda."

"Akimtembelea wapi?"

"Kwake. Ana mahali pake. Wengine wakikaribia huwafukuza, lakini humwacha dada aingie."

Runji aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Ni mkubwa?"

"Mpana. Ana midomo, shemeji! Na haongei. Humtazama tu dada."

"Humtazama tu."

"Dada ana picha zake nyingi sana. Na vile vikopo ulivyomuuzia, kile cha kwanza kabisa aliandika jina la Kailemia."

"Vikopo vyangu!"

"Vyako," Maxine akasema kwa huzuni, akampa andazi.

Celina aliporudi ndani, Runji alikuwa ameondoka. Andazi lilikuwa limebaki na alama ya jino moja.

Kesho yake kibanda kilifungwa. Runji alirudi Gachoka, akamsaidia mama yake, Nelius, kupura ndengu kwa hasira ambayo ndengu hazikustahili. Celina akipiga, Runji anaitazama simu ikilia kama anayetazama kidonda. Akajinunulia shati la kubana kifua. Akajipima midomo kwenye kioo. Alishawachukia watu wengi kwa ajili ya Celina, lakini huyu asiyeongea, mwenye mahali pake, alimnyima usingizi.

Jumamosi ikafika. Kule Muthara mbuzi alichinjwa, mukimo wa viazi na mahindi ukapondwa, shangazi wakaja na kofia zao za kanisani. Celina alivaa gauni la kijani lenye mikono ya lesi. Gari halikuja. Chakula kilipashwa moto. Baba akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Celina alikaa wima, akitabasamu kila shangazi alipomtazama, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kilio. Maxine alikuwa jikoni na hakuweza kumeza hata nyama.

Mwishowe Celina aliingia chumbani akapiga kwa simu ya mama yake. Runji akaipokea.

"Runji, nimekukosea nini?"

"Muulize Kailemia."



"Kailemia ni samaki," Celina akasema.

"Samaki gani ana nyumba?"

"Ana pango! Ni chewa, Runji! Ana mapezi!"

Kule Gachoka mtu mzima akakaa juu ya gunia la ndengu.

"Hata kama ni samaki," alisema hatimaye, sauti ikiwa imepasuka. "Ulipiga kelele ulipojua amerudi. Ulisema umemmisi. Mimi hujawahi kunipigia kelele hivyo."

"Wewe hujawahi kupotea, mjinga wangu. Kailemia alipotea tangu lile joto, nikamwandika kwamba amekufa." Akavuta pumzi. "Na yule wa kwanza kuzaliwa pale palipokuwa pamekufa, nimempa jina lako. Nimeliandika kwenye utafiti. Halifutiki."

"Jina langu?"

"Lako."

"Ana midomo?"

"Inakua. Uje."

Alikuja. Mama yake hakuwa ameambiwa kwamba safari imevunjika. Alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake tangu asubuhi, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kujitayarisha. Walifika Muthara jua limelegea. Runji alishuka na lile shati la kubana, akiwa amebeba kisanduku cha kuhifadhia barafu, kile kikubwa kuliko vyote kibandani, na akakiweka miguuni pa Celina mbele ya shangazi wote.

"Hiki ni cha kazi yako," alisema. "Mwambie yule mzee wa pangoni nimekubali ametangulia. Lakini mimi sihami. Celina, utanioa? Yaani, nitakuoa? Yaani..."

"Kaa chini kwanza ule," Celina akasema, akilia. "Jibu ni ndiyo, yote mawili."

Na hapo, wasomaji wapendwa, wakakaa, wakala, wakapendana. Mwisho.

"Si mwisho."

Hiyo ni sauti ya Celina. Amesimama nyuma yangu anasoma ninavyoandika, mkono kiunoni, na Runji yuko nyuma yake na kikombe.

"Ulijuaje nilichosema kwenye simu na mlango umefungwa?" anauliza.

"Mtunzi hujua yote."

"Mtunzi alikuwa amebana sikio kwenye mlango. Andika, Maxine."

Haya. Maxine ni mimi. Naona hakuna anayeshangaa.

Najitetea kwamba sikumwambia Runji uongo hata kidogo. Celina anasema ukweli wangu niliurusha kama mawe. Runji anataka kujua kwa nini, na haulizi kwa hasira, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kwa sababu ya jina. Nimecheka wivu wake kurasa zote hizi, na wangu ulikuwa umeijaza nyumba. Majina yalikuwa yangu. Celina akatoa moja peke yake, bila kuniuliza, akiwa na furaha ile, nikaona siku ambayo atakuwa na mtu mwingine wa kumtumia picha. Nilitaka Runji aone uchungu kidogo. Sikufikiria lile gauni la kijani. Nilipomwona dada yangu akiwatabasamia shangazi, ningekubali adhabu ya kusimama gwarideni shuleni muhula mzima ili lile gari lije. Nisamehe, Celina. Na wewe pia, shemeji.

"Ule upande uliokufa," Celina ananiuliza, "unajua ulianza kupona kwa nini?"

"Samaki aina ya pono walikula mwani uliofunika mwamba."

"Pono peke yao?"

"Na wengine. Aina nyingi."

"Na mwamba uliobaki na aina moja?"

"Haukupona," nasema. Sipendi mtu anapotumia masomo yangu dhidi yangu.

Ananipa simu. Mwanasha ametuma picha: chewa mwingine mdogo, karibu na pango la Runji. Hana jina.

"Mwite Nelius, kama mama," Runji anapendekeza.

"Nyamaza, shemeji. Hizi si ndoo."

Lakini na hili nalikiri: jina ninalo tangu ile asubuhi ya chai. Nililiweka nikingoja kuombwa. Anaitwa Maxine. Mwanasha anasema humuuma Runji mkia mchana kutwa, kisha jioni wanaingia pango moja.